Mgeni wako atue Luano au Ndola? Ulinganisho kutoka Lubumbashi

Kiangazi kikifika, harusi hufuatana hapa Lubumbashi na simu yangu hailali. Nina gesti ndogo huku Kampemba, vyumba saba, na nusu ya kazi yangu si kutandika vitanda bali kuwaelekeza watu wapitie wapi. Swali huwa lile lile: nikate tiketi ya Luano, kiwanja cha ndege cha mji wetu, au ya Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia?

Anayeuliza mara nyingi ameshaamua moyoni. Ameona picha za kiwanja kipya cha Ndola, vioo kuanzia chini hadi juu na sakafu unayoweza kujitazamia uso. Kisha ameona picha ya Luano iliyopigwa kwa siri na mtu aliyechoka kusubiri mizigo. Nani atachagua Luano hapo? Huwa namwomba anipe dakika tano za simu. Jengo analolisifu liko Zambia, yeye anakuja Kongo, na kati ya mawili hayo kuna mpaka wa Kasumbalesa.

Niseme mapema nasimama wapi, ili asiye na muda aishie hapa: mgeni anayekuja Lubumbashi na ana viza ya Kongo mkononi, namtuma Luano. Ndola ninayo kwa hali fulani, nitazitaja, na baadhi yake ni hali nzito.

Majengo

Picha zenyewe hazidanganyi. Ndola walijenga upya kabisa. Walihama kutoka kiwanja cha zamani kilichobanana na mji, wakaenda kilomita 15 hivi nje, upande wa kuelekea Kitwe. Kazi ilifanywa na kampuni ya Kichina, AVIC International, kwa dola milioni 397, na kiwanja kikafunguliwa Agosti 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kina jina la Simon Mwansa Kapwepwe, aliyekuwa makamu wa rais wa Zambia miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Kimekusudiwa abiria milioni moja kwa mwaka. Siku ya kwanza kuingia pale nilidhani nimekosea tarehe: taa zote zinawaka, madirisha ya uhamiaji yamejipanga, na abiria tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Luano ni cha tangu enzi ya Wabelgiji, kikaongezwa na kurekebishwa kadiri miaka ilivyokwenda, na kinaendeshwa na RVA, shirika la serikali la njia za anga. Upya wa viwanja vya Kongo haukuja kwa mkupuo. Umekuja kipande hapa, kipande kule. N'Djili ya Kinshasa ilipata jengo jipya la abiria mwaka 2015, pamoja na mnara mpya wa kuongozea ndege. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilikuwa imekula sehemu ya njia ya kurukia Januari 2002 na ndege kubwa zikakosa nafasi. Kiwanja hicho cha Goma kikafungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Ndugu zetu wa huko sasa hawana hata anasa ya kulinganisha kama tunavyolinganisha sisi.

Kwa hiyo kwa jengo, Ndola inashinda, na sitabishana na mtu. Lakini rubani hatui juu ya jengo. Kinachomhusu ni njia ya kurukia, na hapo tofauti ni ndogo kuliko picha zinavyoonyesha: Luano ina mita 3,200, Ndola 3,500. Urefu huo si wa kujionyesha. Miji yote miwili iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Hewa nyepesi haibebi bawa vizuri, injini nayo inapata pumzi pungufu. Ongeza joto la Oktoba kabla mvua haijaanguka, na ndege iliyojaa inahitaji kukimbia mbali zaidi ndipo ipae. Ukisikia ndege ya mchana imepunguza mizigo na masanduku yako yatafuata kesho, mara nyingi chanzo ni hicho. Kuanzia Novemba hadi Aprili shida hugeuka kuwa radi za alasiri. Ndiyo maana huwaambia wageni wangu, Luano au Ndola, tafuteni ndege ya asubuhi.

Kuna jambo lingine viwanja hivi vinafanana, na sipendi kupita bila kulitaja. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba alishushwa Luano akiwa amefungwa, na usiku huohuo akauawa nje ya mji. Miezi minane baadaye, usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola. Alikuwa anakuja kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga yetu hii ilipokuwa imejitenga na Kongo. Mnara wake wa ukumbusho hauko mbali na kiwanja kipya. Mgeni akiwa na saa mbili za kupoteza upande wa Ndola, namwambia apite pale. Ni mahali patulivu.

Kasumbalesa, au kwa nini kilomita hazisemi ukweli

Kutoka Luano hadi katikati ya mji ni nusu saa hivi, foleni ikikuonea huruma. Ukitua saa saba mchana, saa tisa unaweza kuwa umeoga na unakula bukari, ugali wetu.

Kutoka Ndola, hesabu ni nyingine. Bahati nzuri kiwanja kipya kiko upande wa Kitwe, kwa hiyo huingii Ndola mjini. Unashika njia ya Kitwe, kisha Chingola, kisha Chililabombwe, halafu mpaka. Njia ya Zambia, sehemu kubwa, ni pana na magari ya kwenda na ya kurudi yametenganishwa. Mgeni husinzia. Ukishavuka, zinabaki kilomita 90 na kidogo hadi Lubumbashi, na za kulipia. Jumla ni kilomita zinazozidi kidogo 200. Ukizitazama kwenye ramani unasema saa tatu.

Ni mpaka unaozimeza zile saa tatu. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo na kobalti yake hutoka kwa malori kupitia Kasumbalesa. Malori hayohayo hurudi na salfa, mafuta, unga na mashine. Foleni yake hupimwa kwa kilomita. Gari dogo lina haki ya kupita kando, lakini kando yenyewe ni ile nafasi inayobaki baada ya lori kusimama anapotaka dereva. Halafu kuna jambo la mikono: Kongo tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Mahali pa kubadilishana upande ni hapohapo, katikati ya malori, wauza kadi za simu, wabadilisha pesa na mama wanaovusha unga kwa baiskeli. Mgeni akilitazama kwa mara ya kwanza hushika mkono wa mlango.

Nieleze kosa langu mwenyewe. Shemeji yangu alikuwa anaondoka kupitia Ndola, ndege ya saa nane mchana. Nilipiga hesabu kama mtu aliyesoma: kilomita mia mbili na kitu, saa tatu, niongeze saa moja ya mpaka, niongeze nyingine ya tahadhari. Tukatoka saa moja asubuhi. Dereva wangu, kijana wa Katuba ambaye njia hii anaijua kama kiganja chake, alinitazama akasema: "Yaya, kilometa haisemi kintu. Bakamyo njo basemaka." Yaani kilomita hazisemi kitu, malori ndiyo husema. Sikumsikiliza. Malori tuliyakuta mapema kuliko kawaida. Tulijaribu kupita kando, tukakutana uso kwa uso na lori lililokuwa na mawazo kama yetu, nyuma yetu kukawa kumeshajaa. Mwisho shemeji alishuka, sanduku likapanda kichwani kwa kijana mmoja, wakatembea hadi mpakani. Upande wa pili tukatafuta teksi nyingine. Alifika Ndola akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, dawati limeshafungwa. Tulilala Kitwe, na tiketi ya kesho yake nililipa mimi, kwa kuwa kiburi kilikuwa changu.

Tangu siku hiyo, anayeondokea Ndola akiwa gesti kwangu tunamtoa saa kumi alfajiri ili mpaka ukimfungulia awe wa kwanza, au anakwenda kulala Kitwe usiku wa kuamkia safari. Kuvuka usiku sikubali kabisa.

Kuna pia siku ambazo mpaka wenyewe haupo. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku kadhaa, baada ya vurugu zilizotokana na Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Biashara ya soda, na abiria mwenye tiketi ya Ndola anabaki Lubumbashi akiangalia dari. Luano haikufungwa siku hizo.

Watu hunikumbusha kwamba Zambia hiyohiyo ina mpaka wa Chirundu na Zimbabwe, ambako tangu Desemba 2009 msafiri husimama mara moja tu, maafisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja. Kweli. Kama dola milioni kadhaa kati ya zile 397 zingeishia Kasumbalesa kwa mtindo huo, ulinganisho huu ningeuandika kinyume.

Karatasi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na hujikwaa kwa sababu ya urahisi wa Zambia. Tangu mwishoni mwa 2022 Zambia imeondoa viza ya utalii kwa raia wa nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani na China. Mzungu anatua Ndola, anagongewa muhuri, anatoka anapiga mluzi. Anaona Afrika imefunguka. Halafu anafika Kasumbalesa bila viza ya Kongo, akidhani atainunua dirishani.

Kongo, anayehitaji viza huiomba kabla ya safari. Anayekupokea huandika barua ya kukubeba, ile tunayoiita prise en charge, ikathibitishwa, ukaenda nayo ubalozini. Asiye na ubalozi wa Kongo karibu huombewa na mwenyeji wake ile visa volant kwa DGM, idara yetu ya uhamiaji, na hiyo pia hushughulikiwa mapema, mgeni akiwa bado kwao. Kutua Ndola hakupunguzi hata karatasi moja kati ya hizo. Kunaongeza: utatoka Zambia kwa muhuri mmoja, utaingia Kongo kwa mwingine, na siku ya kurudi vivyo hivyo. Anayeingia na kutoka kupitia Ndola hutumia nafasi kubwa zaidi ya pasipoti kuliko anayetua Luano. Mtu mwenye pasipoti iliyobaki kurasa mbili ajue hilo kabla ya kulipa.

Kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, Kongo wanaidai kwa kila mgeni, iwe angani au ardhini. Luano utaombwa kabla ya pasipoti. Kasumbalesa pia. Chanjo iwe imepita siku kumi tangu kudungwa. Na usiizike kwenye sanduku kubwa: Afrika Kusini nayo huidai kwa mtu anayetoka Kongo, kwa hiyo anayerudi kupitia Johannesburg ataihitaji mara ya pili.

Sisi wa Lubumbashi tunaotoka kupitia Ndola tuna hesabu yetu. Masharti ya kuingia Zambia kwa pasipoti ya Kongo mtu aulize ubalozi mdogo wa Zambia uliopo hapa mjini, asimuulize dereva wa teksi. Dereva atamwambia "hakuna shida", kwa sababu yeye kweli hana shida.

Usalama wa mgeni

Watu wakisikia usalama wa kiwanja hufikiria mashine ya kumulika mizigo. Ndola mashine ziko, foleni ni moja, mambo yanakwenda kwa ukimya. Luano utakaguliwa zaidi ya mara moja wakati wa kuondoka, na usishangae sanduku likifunguliwa kwa mkono, nguo ya ndani ikaona jua. Nimezoea kuwaambia wageni wapange vitu vyao kwa tabaka, vya aibu chini. Anayebeba malakiti, lile jiwe la kijani, iwe mkufu, kisanduku au tembo mdogo wa kijani kutoka kwa wachongaji wetu, aombe risiti pale anaponunua. Jiwe ghafi asibebe kabisa, hata dogo, hata la kuokota. Huu ni mkoa wa madini, na jiwe mfukoni ni maswali ya saa nzima.

Na picha. Kiwanja, mpaka, daraja, askari: simu ibaki mfukoni. Hili halina mjadala pande zote mbili za safari, ila upande wa Kongo gharama yake ni kubwa zaidi.

Mgeni wa mara ya kwanza Luano namchukulia protokole. Ni mtu anayejua madirisha na maafisa, anayekusubiri ndani na jina lako kwenye karatasi, anayekutangulia hadi kwenye mizigo. Wengine huona ni anasa au ni njia ya mlango wa nyuma. Kwangu ni kama mkalimani. Mgeni asiyejua Kifaransa, aliyetoka kulala saa nne kwenye kiti, anahitaji mtu wa kumwambia lipi ni dirisha na lipi ni meza ya mtu tu. Makubaliano yafanywe mapema, bei ijulikane, na awe mtu aliyetumwa na mwenyeji wako. Anayekudaka mlangoni akisema "mimi protokole yako" bila kujua jina lako, mwambie asante.

Kasumbalesa ndiko hatari ya aina hii iko wazi. Vijana hukimbilia gari, mkono unaingia dirishani: lete pasipoti nikugongee haraka. Pasipoti haipewi mtu asiye nyuma ya dirisha lenye bendera. Wabadilisha pesa wapo pia, na noti zao zina ufundi. Mimi hubadilisha kiasi cha teksi tu.

Lugha ina sehemu yake hapa, na wenzetu wa Dar na Nairobi huisahau. Luano, Kiswahili chako kitakubeba. Kitachekwa kidogo, kwa sababu huku tunakisema kwa namna yetu, lakini kitafungua uso wa mtu. Baadhi ya maafisa wametoka Kinshasa na watajibu kwa Lingala au Kifaransa, ila hakosekani jirani wa kutafsiri. Ukivuka Kasumbalesa, ni Kibemba na Kiingereza.

Sasa usalama ule wa angani. Tangu 2006 mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Kongo yamepigwa marufuku kuruka kwenda nchi za Umoja wa Ulaya. Marufuku hiyo haisemi kwamba kila ndege ya Kongo ni mbovu. Inasema wanaopaswa kuzikagua, yaani serikali, hawajaonyesha kwamba wanakagua inavyotakiwa. Kwetu si habari ya magazetini. Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa Goma ikaingia kwenye mtaa wa Birere. Novemba 2019, Goma tena, Dornier ndogo ikaangukia nyumba za watu. Kwa sababu hiyo mashirika mengi ya misaada na makampuni ya bima hayaruhusu watu wao wapande ndege za ndani ya Kongo.

Lakini tazama hilo linabadili nini katika chaguo letu. Halibadili kitu. Ethiopian, Kenya Airways na ndege za Afrika Kusini zimekuwa zikitua Lubumbashi moja kwa moja, na Ndola pia. Air Tanzania nayo imekuwa ikiunganisha Dar na miji yote miwili. Mtu anaweza kufika Lubumbashi kutoka Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg bila kugusa ndege yenye usajili wa Kongo. Anayeniambia "nakwenda Ndola kwa sababu ya ile orodha ya Ulaya" huwa amechanganya ndege na kiwanja. Na kama ni hatari tunazipima, saa mbili kati ya malori ya shaba ziwekwe kwenye mizani hiyohiyo.

Orodha hiyo inamgusa anayepitia Kinshasa. Huyo hana Ndola ya kumwokoa. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kwa anga, na kwa barabara ni habari ya wiki. Tangu Desemba 2024 kuna Air Congo, ambayo Ethiopian ina asilimia 49 na serikali yetu asilimia 51, na wageni wangu wengi wa Kinshasa wamehamia huko. Wakumbuke tu kwamba saa ya Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Nimewahi kumsubiri mtu Luano saa nzima, yeye akiwa ameniandikia saa ya kwao. Ndola na Lubumbashi saa ni moja, hapo angalau hakuna wa kupotea.

Pesa

Nitapita haraka, bei hupanda na kushuka na ya leo si ya kesho. Tiketi ya Ndola mara nyingi hutoka nafuu kuliko ya Luano, wakati mwingine kwa tofauti ya kukufanya ukae chini. Sababu mojawapo ni ushuru na ada za kutua Kongo. Juu yake kuna Go-Pass, mchango wa abiria kwa ajili ya kuendeleza viwanja, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa dola 10 safari ya ndani na dola 50 ya nje. Zaidi ya miaka kumi na tano tumelipa, na kila anayesimama Luano akisubiri sanduku hutazama juu na kuuliza kimoyomoyo ni tofali lipi lililotokana na zake. Swali la haki kabisa. Uliza wakala wako kama tiketi imeshaujumlisha au utalipa dirishani, na kama ni dirishani beba dola safi. Noti iliyochanika hata milimita mbili, Kongo hakuna atakayeipokea. Zambia kodi za kiwanja zimo ndani ya tiketi.

Ila anayefurahia tiketi nafuu ya Ndola aongeze gari la Zambia, gari la Kongo, kulipia barabara, na kitanda cha Kitwe ikiwa ndege inaondoka asubuhi. Mtu mmoja peke yake mara nyingi hukuta faida yote imeishia njiani. Watu wanne kwenye gari moja, hesabu inageuka.

Basi nani aende wapi

Familia ya watu watano kutoka Dar, wanakuja harusini na mabegi ya vitenge, wana siku mbili za kucheza nazo: Ndola, bila wasiwasi. Nawatumia gari mpaka mpakani, wanalala Kitwe wakitaka.

Mfanyakazi wa kampuni anayekuja siku tatu kwa kikao: Luano. Siku moja ikiliwa na malori, theluthi ya safari imekwenda.

Mzee, mjamzito, au mtu anayekwenda kutibiwa Johannesburg: Luano, hata tiketi ikiwa ghali, hata ikibidi ukoo mzima uchange. Kasumbalesa hakuna kiti cha kukaa chini ya kivuli, na foleni haimjui mgonjwa.

Mtalii asiye na viza ya Kongo lakini ana hamu ya "kuonja" Lubumbashi kutoka Copperbelt, mkoa wa Zambia wenye Ndola na Kitwe: abaki Copperbelt hadi viza itoke.

Anayekwenda Kolwezi kwenye migodi: Luano bado, kisha barabara ya kilomita 300 hivi kuelekea magharibi, kuliko kutoka Ndola na kuanza kuhesabu mpaka kwanza.

Na yule ambaye ndege yake ya Luano imefutwa jioni na lazima kesho awe Nairobi: hapo ndipo Ndola huonyesha thamani yake. Kiwanja cha pili cha maana, saa chache kwa gari, na njia ya lami mwanzo hadi mwisho, si mji mwingi wa Kongo wenye bahati hiyo. Wa Goma na Bukavu wanaijua njia ya kuvuka mpaka ili upate ndege, wao kwa lazima. Huyo abiria wangu ninamwamsha saa tisa usiku, namfungia chapati mbili na chupa ya chai, namwambia kijana wa Katuba aamue yeye njia. Simuulizi kilomita ngapi. Nauliza malori.